Majani yamerudi Gorong'a, ng'ombe hawayataki

Leo nimeona ng'ombe wenye njaa wakikataa eneo zima la kijani.

Ni Gorong'a, Tarime. Mjane mmoja, nimwite Mama Bhoke, alikuwa anarudishiwa malisho yake. Mkandarasi wa barabara alichimba kifusi pale, akaahidi kufukia mashimo na kungoja majani yarudi.

Yamerudi.

"Shikamoo mama," akasema msimamizi wa mkandarasi. "Ulisema tusiondoke mpaka majani yarudi. Haya hapa."

"Marahaba. Haya ni magugu tu, gugu karoti na mbigili. Mimi nilikuwa na nyasi."

"Hukusema nyasi, mama."

Ni kweli, hakusema. Kwenye kikao na mkandarasi alisema majani, kama tunavyosema wote tukimaanisha chakula cha ng'ombe.

Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ni shemeji yake, akajaribu utani: "Basi shemeji, wafundishe kula mboga."



Mama Bhoke akafungulia ng'ombe. Wakapita katikati ya kijani chote kile bila hata mmoja kuinamisha kichwa. Wakatokea upande wa pili, wakaingia kwenye mahindi ya jirani.

Jirani hakupaza sauti.

"Mama Bhoke, leo nimewatoa kwa fimbo. Kesho nitawatoa kwa panga."

Msimamizi alikuwa ameshapanda gari.

Nikawauliza waliobaki, mmoja mmoja, ng'ombe anakula nini. Wote wakanijibu: majani.

Ninyi mngejibuje?