Nilisema natafuta mifupa, kijiji kikanizunguka: yaliyonikuta field ya masters Singida

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Nasoma masters ya palaeobiology. Kwa lugha nyepesi, tunasoma viumbe vya zamani kupitia mabaki yao yaliyogeuka mawe. (Hata nyumbani huwa wananiuliza ajira iko wapi. Tuliache.)

Field yangu ilikuwa kijiji kimoja upande wa Ikungi. Zamani sana pale palikuwa na ziwa, leo ni mashamba ya alizeti. Kibali cha wilayani nilikuwa nacho, na mwenye shamba, Mzee Mghenyi, alinikubalia.

Siku ya tatu, asubuhi, akapita mama mmoja na ndoo ya maji kichwani. Akauliza nachimba nini.

Kwa ujinga wangu nikajibu, "Natafuta mifupa ya kale, mama."

Akaondoka mbio, maji yanamwagika.

Nusu saa haikuisha nikasikia yowe. Watu kama thelathini, fimbo na majembe. Yule mama yuko mbele, analia.

Kumbe nyuma ya kichuguu, hatua chache tu, alizikwa mama yake. Mimi niliona mawe tu.

"Mifupa ya mama yangu umeipeleka wapi?"

Nikatoa kibali. Jamaa mmoja akakitupa chini. "Karatasi hata wachawi wanazo!"

Wakuu, walishanizunguka. Hata kukimbia sikuweza.

Mzee Mghenyi akafika anahema, akasimama katikati. "Kabla hamjamgusa, atuonyeshe anachochimba."

Nikapasua jiwe kwa patasi. Tupu.

La pili, tupu. Watu wakasogea. Kwa haraka nikajigonga kidole.

La tatu likafunguka kama kitabu. Samaki, mdogo kuliko kidole, miiba yote inahesabika.

Fimbo zikashuka.

Yule mama akainama, akamgusa. "Samaki? Huku ambako hata maji ya kunywa ni shida?"

Nikamweleza habari ya ziwa, nikamwomba radhi. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa mwanangu. Ila sogea mbali na mama yangu."

Nikalifukia shimo siku hiyohiyo, yeye akiwa amesimama pale. Ndilo lililokuwa na samaki wazima. Nililohamia lilinipa vipande vipande, na supervisor alinisema sana.

Nilichojifunza: ofisi inayokupa kibali haijui nani kazikwa wapi. Kaa na wenyeji kwanza, uliza, na chunga maneno.

Mliofanya field vijijini, nyie yaliwakuta yapi? Na anayeona nilikosea kufukia aseme tu, nitamjibu.