Hadithi Iliyofungiwa Dengu

Severa, mwenye duka jirani yangu hapa Mtaa wa Sikukuu, hakupenda kusoma. Alipenda umbeya, na siku moja akagundua kwamba tofauti si kubwa. Mumewe Polycarp alikuwa amenunua mzigo wa karatasi chakavu kutoka kiwanda cha uchapaji, za kufungia sukari na dengu. Akiwa anafunga, Severa akasoma mstari mmoja na mkono ukagoma.

Ilikuwa hadithi ya mwaka elfu mbili, ambao wakati huo ulikuwa bado mbali. Mwanamke fundi ametengeneza mtambo unaohamisha uchungu wa kuzaa kutoka kwa mama kwenda kwa baba, na wanaume wameitisha kura ya kuuvunja. Severa, mama wa watoto sita, alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha akaona balaa. Karatasi zililetwa zikiwa kifudifudi, kwa hiyo za mwisho ndizo zilizotangulia kufungiwa. Mwanzo anao, mwisho umeondoka na dengu za watu.

"Mama Onesphory, wateja wanangoja," Polycarp alisema.

"Wangoje! Mtambo unavunjwa au hauvunjwi?"

Polycarp akaenda kuwahudumia mwenyewe, na alifanya vizuri.

Ndipo Severa akamkumbuka Jyotsna, mjane wa Kihindu anayeshona blauzi ghorofani, ng'ambo ya barabara. Anaishi peke yake, lakini kila siku ananunua robo ya dengu. Tulimtania kwamba analisha jeshi. Severa akapanda ngazi, akakuta beseni limejaa dengu, na mezani karatasi zilezile zimenyooshwa kwa pasi.

"Jyotsnaben, dada yangu, kumbe na wewe unaisoma?"

"Nimeiandika mimi. Kiwandani walichapa kurasa za majaribio, meneja akasoma, akasema haijengi taifa. Mswada wangu eti umepotea. Halafu nafungua dengu zako, naona maneno yangu."

Severa aliona aibu, na kabla ya hapo sikuwahi kumwona na aibu. Muda wote ule alikuwa akimuuzia mwenzake kitabu chake mwenyewe, robo kwa robo. Akashuka mbio, akarudi na mzigo wote uliobaki kichwani, Polycarp akimfuata kwa kelele.

"Sasa sukari nitafungia nini?"

"Shati lako!"

Akautua mzigo mbele ya Jyotsna, akakaa sakafuni akihema.

"Chukua zote. Ila mwisho niambie sasa hivi. Waliuvunja?"

Jyotsna akainua kutoka mezani karatasi ya juu kabisa, ile yenye mikunjo mingi kuliko zote, akatabasamu.

"Hawakuweza. Siku ya kura wanaume wote walikuwa leba."