Pawabenki Iliyotunzwa Kabatini

"Mama, si nilikuambia uianike juani?"

"Niianike nje, Baba, vijana wapite nayo?"

Maji ya mafuriko yalikuwa yameingia uani kwa mke na mume hao, majirani zetu wa Ahero. Stima ilikuwa imepotea, na simu ikazima kabla hawajamwita mwenye mashua aje kumchukua nyanya, ambaye miguu yake ni dhaifu. Pawabenki ya sola ya kuchajia simu, waliyoinunua kwa ajili ya siku kama hiyo, ilikuwa imekaa kabatini na vikombe vya wageni, bila chaji. Sisi huku hutunza kitu cha shida mpaka shida ikikute kipya.

Mama aliivua nailoni, akaiinua kuelekea mawingu, akaitikisa. Wakazidi kugombana.

Nyanya alijikokota hadi mlangoni. "Mnangoja jua kwenye mvua? Nibebeni mgongoni twende."