Salamu Kabla ya Wimbo

Redio yetu iko Magongo, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na hupiga muziki wa kantri kutwa kucha, isipokuwa wakati wa adhana. Mamangu, Mdigo wa Likoni, aliposikia kazi niliyoipata alicheka hadi akashika ubavu. "Mwanamume kaachwa na mke, lori lake limeharibika, na bado anapiga gitaa? Mwacheni alie!" Haukupita muda nikamkuta jikoni anakuna nazi, redio iko juu ya friji, akanipungia mkono ninyamaze wimbo uishe.

Mwenye redio ni mtu wa bara, muungwana lakini mwenye haraka. Kwao kantri ni muziki wa harusi, wa matanga na wa safari, akaja Mombasa akiamini nasi tutaupenda. Sheria yake ya simu ilikuwa moja: msikilizaji ataje mtaa wake na wimbo anaoutaka. Akizidisha maneno, kata. Basi nikawakata wazee wa Kisauni na kina mama wa Mkomani huku moyo unaniuma, maana kwetu mtu hakurukii na haja yake kabla hajakujulia hali. Nilimweleza. Akaniambia redio si kibaraza.

Ikawa simu zinaingia, salamu zinaanza, zinakatwa, na hakuna wimbo ulioombwa. Mwenye redio akaona ushahidi umetosha: watu wa Pwani kantri hawaitaki. Akaamua kwamba kuanzia Jumatatu tutapiga nyimbo za vijana kama stesheni nyingine zote. Nilikasirika, wallahi. Za namna hiyo tunazo tele. Hii ilikuwa moja tu, na nilishaipenda.

Jumamosi asubuhi alikuja studio kuwatangazia wasikilizaji mwenyewe. Akakaa kitini pangu, akavaa vipokea sauti. Kabla hajafungua mdomo simu ikalia, akaipokea hewani. Sauti niliitambua mara moja. Alikuwa bibi mmoja wa Ziwa la Ng'ombe niliyekwisha kumkata mara nyingi.

"Asalaam aleikum. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Unataka wimbo gani?"

"Ala! Wimbo haukimbii. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na mamako, yuko? Hajambo?"

Kidole cha mwenye redio kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kukata. Hakukibonyeza.

"Anaumwa," akasema. "Yuko nyumbani, mbali."

"Pole, baba. Mola amjalie afueni. Ushampigia leo?"

"Bado. Kazi nyingi."

"Mpigie. Mimi naiweka simu sasa hivi. Ila niwekee ule wimbo wa mama anayemngoja mwanawe kwenye stesheni ya treni. Nautaka tangu Ramadhani, kila nikikaribia kuutaja mnanikata."

Mwenye redio alinigeukia, kinywa wazi. Nilishindwa kujizuia, nikamwambia, "Si nilikwambia? Haja huja mwisho." Nikamwekea bibi wimbo wake.

Mwenye redio akatoka nje, kwenye roshani. Kupitia kioo nilimwona, simu sikioni, anaitikia kwa lugha ya kwao, anauliza, anasikiliza, anacheka, anauliza tena. Wimbo ukaisha, nikaweka mwingine, kisha mwingine. Sijapata kumwona bila haraka kama siku ile, na nilifurahi hata nikasahau hasira zangu zote.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Simu ilikuwa inalia tena. Akanirudishia kiti changu, akavuta stuli pembeni, akakaa.

"Ipokee," akasema. "Mwache amalize."

Alikuwa mzee wa Kisauni. Alianza na afya yangu, akaenda kwa mamangu, akafika kwa majirani wa mamangu, ndipo akaomba wimbo. Jumatatu ilifika tukapiga kantri, na Jumanne vilevile. Lile tangazo alilokuja kulisoma, mpaka leo sijalisikia.