Mtaro wa Upenuni

Mtani wangu aliniambia mapema, tena mbele ya watu, kwamba atapitisha katapila juu ya mtaro wangu, na mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Naanza na hilo kwa sababu kila ninaposimulia habari hii hakosekani mtu wa kuniuliza, sasa si alikuambia? Ndiyo, aliniambia. Hapo ndipo penye uchungu wote.

Kazi yangu ni mambo ya kale. Mtu akitaka kujenga ghorofa kwenye sehemu ya zamani ya mji, naitwa nitazame kwanza ardhini kuna nini. Napanga pa kuchimba, nachimba polepole kwa mwiko na brashi, natoa cha kutolewa, halafu naondoka mashine ziingie. Wapita njia huja kuchungulia wakidhani natafuta dhahabu, na kwa kuwa Geita si mbali siwalaumu. Safari hii kiwanja kilikuwa Mirongo, mahali palipokuwa na nyumba ya mawe na udongo iliyopita mikono mingi, ikaishia kuwa duka la vitambaa, ikabomolewa. Aliyenipigia simu nije ni mhandisi wa saiti, mtu niliyekwisha kufanya naye kazi mara mbili na kumwita rafiki.

Yeye ni Mzaramo, mimi Msukuma. Kwa asiyejua, makabila yetu yana utani wa tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mchana kweupe, kukuchomolea kipande cha samaki kwenye sahani yako, kumwita bibi yako mchumba wake, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeaibisha ukoo. Lakini utani si matusi tu. Mkifiwa, mtani ndiye anayeshika jembe, anachimba kaburi na kufukia, huku akiwachekesha wafiwa wasilie kupita kiasi. Kwa hiyo mtani ni mtu unayemwachia mwili wa ndugu yako. Mimi nimelelewa hivyo na nilimwamini hivyo.

"Nyie Wazaramo mmeuza mashamba yote ya Dar mkachezea ngoma," nilimwambia siku tunapima kiwanja. "Sasa mmekuja kumaliza na ya huku ziwani."

"Tatizo lenu Wasukuma mnakula sana michembe, viazi vikavu hivyo," akajibu, "akili inalala. Ngoja ulale kidogo, ukiamka utakuta ghorofa."

Vibarua walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Asubuhi zetu zilikuwa hivyo, tukinywa chai kwenye vikombe vya plastiki na kugombania chapati ya mwisho.

Siku ya pili alikuja bibi mmoja kutoka Mkolani, amejifunga khanga mbili, akaomba aingie ndani ya uzio wa mabati. Alikuwa amezaliwa kwenye kiwanja kile, kabla baba yake hajakiuza. Kwetu pacha wa pili ana jina lake, na ukilisikia tu unajua kuna aliyemtangulia. Yeye alikuwa na jina hilo. Aliyemtangulia alikufa angali mchanga, na kama ilivyokuwa desturi ya wazee wale, aliwekwa ndani ya chungu akazikwa jirani na ukuta, chini ya upenu. Nyumba ilipouzwa, chungu kilibaki. Bibi aliishi miaka yote hiyo akija mjini kununua mahitaji yake na kupita mbele ya duka lile bila kuingia, maana wenye duka angewaambia nini?

"Mimi sitaki fidia," alisema. "Namtaka yeye. Nimzike nyumbani kwangu, na siku yangu ikifika niwekwe ubavuni pake. Tulikaa pamoja tumboni. Naona vibaya kukaa peke yangu kule."

Mtani alikuwa amesimama hapohapo. Hakumwamkia yule bibi, maana watani hawaamkiani kwa heshima. Alimwita mchumba, akamuuliza mahari ni ng'ombe wangapi, na bibi, aliyekuwa karibu kulia, akampiga kofi la begani na kumwita mla nazi. Kisha akatuonyesha mahali. Alisimama kwenye kona, akageuka kulielekea jabali la upande wa juu kama alivyokuwa akilitazama alipokuwa mtoto mlangoni pao, akarudi nyuma kidogo, akasema hapa, au hapa. Nikapigilia vigingi. Mtani ndiye aliyenishikia kamba upande wa pili.

Nilimwahidi bibi kwamba tutampata. Sikuwa na haja ya kuahidi, lakini niliahidi, na sijutii.

Jioni ile nilichora mpango. Mitaro mitatu. Wa kwanza ulikuwa upenuni, kwa sababu mvua za vuli zilikuwa zinakaribia na maji yote ya mlimani hupita kona ile. Wa pili ulikuwa langoni, ambako tulikuwa tumeokota mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki mtu akiyeyusha madini, kwa hiyo huenda palikuwa na tanuru la wahunzi wa zamani. Wa tatu ulikuwa karibu na msingi wa mawe. Asubuhi nikamwonyesha mtani. Akautazama muda mrefu, akaniomba nibadilishe.

"Anza langoni," alisema. "Malori yangu yatapita pale, sina pengine pa kuyapitisha. Upenuni acha mwisho. Kule hakuna mashine itakayofika mpaka umalize wewe. Ndiyo sehemu salama kuliko zote humu ndani. Maji nitayazibia."

Ilikuwa na akili. Nilibadilisha. Na aliyazibia maji kweli, aliweka mifuko ya mchanga kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo mpaka leo linanikera kuliko mengine. Alipomaliza akajipangusa, akasema kwa sauti ya kusikika na saiti nzima:

"Mtani, huyu pacha wa bibi yako nitampitishia katapila. Siku utakapogeuka tu. Mwenye jengo hataki mifupa, mifupa inasimamisha kazi."

Hapo ndipo niliposhika ukuta kwa kicheko. Nikamwambia akithubutu nitamuoza kwa fisi wa Shinyanga. Vibarua wakashangilia. Yeye naye akacheka, ila sasa nikikumbuka naona alikuwa ananitazama, ananisubiri. Sijui alitaka nifanye nini. Kama alitaka nimzuie, kwa nini asiniite pembeni, anikazie macho, aniambie kama watu wazima wanavyoambiana? Alijua lugha ile siwezi kuisikia vingine. Ndiyo maana aliitumia.

Mtaro wa langoni ulikwenda vizuri. Tulipata ukingo wa tanuru, udongo ulioungua ukawa mwekundu, na vigae vya vyungu vyenye mistari iliyochorwa kwa kijiti. Jumamosi nikawapa vibarua mapumziko, nikapanda bodaboda mpaka Mkolani. Bibi alitaka nimsaidie kuchagua mahali pa kumlaza ndugu yake. Alichagua nyuma ya nyumba, penye kivuli cha mgomba, na wajukuu wakachimba shimo dogo tu, la kutosha chungu. Bibi aliinama akalisawazisha mwenyewe kwa kiganja, akatoa kijiwe, akakitupa. Tulikula ugali na dagaa. Alikuwa na furaha ya mtu anayesubiri mgeni kushuka stendi.

Wakati huohuo katapila lilikuwa Mirongo.

Niliporudi nilipita saiti kuacha vifaa, nikakuta lango wazi na lori la mwisho linatoka limejaa kifusi. Kona ya upenuni haikuwapo. Palikuwa na shimo la kumeza nyumba, kuta zake zimekatwa zikang'aa, na chini maji yameanza kujaa. Vigingi vyangu vilikuwa vimeng'olewa na kufungwa pamoja kwa kamba yangu, vikawekwa vizuri pembeni, nisije nikavipoteza. Niliteremka shimoni na viatu vyangu. Nilipapasa kuta zile kwa mikono mpaka kucha zikajaa udongo. Sikuona hata kigae.

Mtani alikuwa amekaa juu ya tofali, anakula mhindi wa kuchoma.

"Umefanya nini?" nilimuuliza.

"Nilikuambia."

"Ulikuwa unatania!"

"Nilikuambia mbele ya watu, mtani. Ukacheka. Sasa unanikasirikia mimi?" Akanyanyuka, akanikatia nusu ya mhindi, akaninyooshea. "Mtani hakasirikiwi. Tanki la maji lilipangwa pale tangu zamani. Ungekuta mfupa, tungekaa miezi tunasubiri vibali, watu hawa wote wasile. Mitaro miwili si unayo?"

Nilimuuliza kifusi kimepelekwa wapi. Akasema madereva wanauza njiani, kwa yeyote mwenye bonde la kujaza. Mkuyuni, labda. Labda ufukweni huko. Nilizunguka Jumapili nzima nikiuliza watu wenye vifusi mbele ya nyumba zao, wakaniona mwehu. Niliandika malalamiko kwa wakubwa wangu nao wakaniambia nimalizie mitaro iliyobaki.

Kumwambia bibi sikutaka hata kufikiria, lakini nilikwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Ni yule mtani wetu?" aliuliza.

"Ndiye."

"Basi atakuja. Mtani hakosi kwenye msiba."

Akatandika mikeka. Majirani walikuja wakakaa msiba wa mtoto mchanga ambaye hakuna kati yao aliyepata kumwona. Uji ulipikwa, nyimbo za kanisani zikaimbwa. Siku ya tatu, kweli, mtani akatokea na kiroba cha mchele begani na sukari mkononi, anapiga kelele tangu njiani kwamba amekuja kumrithi mjane. Watu wakaanza kucheka, wasiojua. Mimi nilisimama niondoke. Bibi akanivuta khanga niliyojifunga, nikakaa.

Alimpokea kwa kicheko. Nilimchukia bibi wakati ule, nasema kweli. Alimtania, akampa kigoda, akamtilia uji. Kisha akamuuliza: "Mtani, kwenye msiba kazi yako nini?"

"Kuzika, mchumba. Na kula."

"Haya. Umeshakula."

Akamshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, sote tukafuata. Akampa jembe. Mtani akalitazama lile shimo dogo, akatemea viganja mate, akasema Wasukuma wavivu, hata kaburi wamechimba la kuku. Wachache walicheka. Akakokota udongo wa kwanza.

"Subiri," bibi akasema. "Hujaweka mtu."

Mtani akatabasamu.

"Kamlete kwanza, halafu ufukie."

Mtani akageuka akanitazama mimi. Nilimjua vya kutosha kuelewa anachoomba. Alitaka nicheke, kicheko kimoja tu, hata cha uongo, kimtoe pale. Sikucheka. Hakuna aliyecheka. Alibaki ameshika jembe, na hakuna aliyenyoosha mkono kumpokea.

"Sijui aliko, bibi," alisema hatimaye.

Bibi akalichukua jembe lake polepole, akaliegemeza ukutani. Mtani akainamisha kichwa, na kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake akamwambia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu bibi, kama anavyomjibu mpita njia yeyote. "Haya, mwanangu, uende salama. Hapa wewe huna utani na mtu."