Mpira Uko Mahakamani

Fundi wa kushona mipira, ambaye mtaa mzima humwita Mzee Sindano, aliletewa barua ya shule asubuhi ya Ijumaa. Kiingereza chake kiliishia kwenye tarehe na sahihi, kwa hiyo akavuka barabara kwa jirani yake kinyozi, mtu ambaye tangu azaliwe hajakiri kuwa kuna jambo asilolijua.

Kinyozi alirukia mwisho wa barua, akakunja uso. "Fundi, pole sana. Wanasema mpira uko mahakamani kwako, yaani wamekushtaki kwa mpira wao. Korti si ndiyo mahakama? Na wanataka jibu leo, kabla ya saa sita."

Mzee Sindano alikipekua kibanda chake juu chini. Alimwaga hadi gunia la mabaki ya ngozi, asione mpira wowote wa shule. Kazi yenyewe ilikuwa imedorora tangu mipira ya plastiki ijae madukani, na sasa kuitwa mwizi uzeeni! Roho ilimuuma. Akamwita dada yake, mwalimu mstaafu wa michezo, amwandikie barua ya kukana.

Dada aliisoma barua yote, si mkia wake tu, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kaka, mwambie kinyozi akate nywele. Korti hapa ni uwanja wa tenisi. Mpira ukishavuka wavu ukaingia upande wako, mwenzako hana la kufanya. Anasimama anakungoja uupige. Ndipo Waingereza walipoutoa msemo wao kwamba mpira uko kwenye korti yako: zamu ni yako, uamuzi ni wako."

"Uamuzi wa nini?"

"Wanataka uwafundishe wasichana wao kushona mipira, siku mbili kwa wiki, kwa mshahara. Wanakungoja wewe."

Miaka thelathini watu walimtupia Mzee mipira iliyopasuka, wakaondoka wakisema, "Nitapitia kesho." Hakuna aliyewahi kumngoja yeye aseme ndiyo au hapana. Akainamisha uso, akajifanya anatafuta uzi.

"Niandikie nimekubali."

"Andika mwenyewe, tena kwa Kiswahili. Mwalimu mkuu anakijua."

Ilikuwa saa tano na nusu. Aliandika: "Nimekubali. Nitakuja Jumatatu." Chini akaweka jina lake, na mbele ya jina, kwa herufi kubwa kuliko zote, akaandika Mwalimu. Dada yake, aliyebeba cheo hicho miaka arobaini, alimshika bega, akamwambia akimbie.