Ngozi ya Shavu Kwenye Paji la Uso

Mimi darasani sikukaa. Kusoma nilijifunza kwa vibao vya maduka ya Garissa, na kompyuta niliijua kwa kuiharibu na kuitengeneza. Leo studio ni yangu, na wenye vyeti vyao huja niwasafishie picha. Nasema wazi, sioni haya.

Kusafisha ngozi kuna adabu yake. Kwanza natenganisha rangi na ngozi yenyewe, kila moja kwenye tabaka lake, ili nikipunguza weusi wa chini ya macho, vinyweleo, vile vitundu vidogo vya ngozi, vibaki. Vinyweleo vikifutika, mtu anageuka sahani ya plastiki. Chunusi naitoa, maana wiki ijayo haipo. Jasho linalong'aa puani nalituliza. Kovu siligusi mpaka mwenyewe aniambie. Na nikiziba mahali, naziba kwa ngozi ya jirani: shavu kwa shavu, paji kwa paji.

Haya yote nilimfundisha binamu yangu, mtoto wa baba yangu mdogo. Tulikulia Hadado tukichunga ngamia pamoja. Ukame ulipommalizia mifugo, nikamwekea kiti kando ya changu.

Mwaka jana watu kutoka mji wa Buna walikuja na posa ya binti yangu. Kijana wao anafanya kazi mbali, kwa hivyo wakaomba picha kwanza. Binti nilimpiga picha mimi mwenyewe. Binti ana makovu mawili ya mviringo juu ya nyusi. Utotoni macho yalimgeuka manjano, bibi yake akamchoma kwa kijiti cha moto, tiba yetu ya tangu zamani. Nilimuuliza kama niyafifishe. Akasema, "Aabo, baba yangu, yaache. Wakinitaka, wanitake nayo." Nikayaacha. Picha nikampa binamu yangu aitume, kwa sababu mshenga ni shemeji yake.

Jibu lilikuja zuri, na baadaye wakaja wenyewe. Wanaume tuliketi mkekani na chai ya maziwa, wanawake chumba cha ndani. Mara bibi mzaa baba wa kijana akatoka huko na simu mkononi, akaiweka mbele yangu.

"Huyu ni nani?"

Nikasema ni binti yangu.

"Binti yako ni yule niliyemshika uso sasa hivi. Nakuuliza huyu."

Nikaangalia. Paji laini kama yai, makovu hayapo, na rangi imepaushwa mpaka shingoni.

"Moto tunaujua," yule bibi akasema. "Mjukuu wangu ana kovu lake tumboni. Tusiyemjua ni wewe."

Binamu yangu alikuwa bega kwa bega nami. Nikamgeukia, nikangoja. Neno moja lingetosha. Akapuliza chai yake. Baba wa kijana akasema studio ni yangu, na mkono unaosifiwa mjini kwa kazi hiyo ni wangu, sasa nani mwingine?

Walipokwenda kuswali alasiri, nilimvuta binamu yangu nyuma ya nyumba. Alisema alitaka kumsaidia msichana. Nikamuuliza mbona amenyamaza.

"Walaal, ndugu yangu, jina lako ni kubwa, litalibeba hili," akasema. "Mimi nikisema, nabaki na nini?"

Hakuomba hata radhi.

Binti yangu naye aliamini ni mimi niliyeyafuta. Nikampelekea kompyuta, nikakuza picha mpaka paji likajaa kioo. Nikamwonyesha: vinyweleo vya paji lako ni vidogo, hivi ni vikubwa, ni vya shavu. Mwanga ulitoka kushoto, kiraka hiki kinang'aa kulia. Mimi siwezi kufanya upuuzi huu hata nikiwa nimefumba macho.

Akatazama sana. "Nakuamini," akasema. "Lakini wao hawataangalia vinyweleo, Aabo."

Kweli. Niliwaeleza wageni wote, mbele ya binamu yangu. Akainamisha kichwa kama mtu anayesingiziwa na kuvumilia. Wakaniona mzee anayemtupia ndugu yake mzigo. Mwishowe wakasema posa haijavunjika, ila picha ipigwe upya, hapo hapo, wao wakiona, na mtu mwingine.

Wakamwita mpiga picha wa ng'ambo ya barabara. Akaingia sebuleni kwangu na viatu. Akamkalisha binti vibaya, kivuli cha pua kikamwangukia mdomoni. Nilitaka kusema ainue kidevu kidogo tu. Yule bibi akanitazama, nikarudi nyuma.

"Nisafishe ngozi kidogo, mzee?" jamaa akaniuliza.

"Usiguse kitu," bibi akajibu kabla yangu. Kisha akasema chumba kina giza, mtu wa kuaminika alishike pazia wazi, mwanga uingie.

Akaenda kulishika binamu yangu.